Winga wa Upande wa Bondeni

Uwanja wetu wa Kwemtindi ulichongwa ubavuni mwa mlima, na waliouchonga walichoka kabla ya kumaliza. Ukiuweka mpira katikati huna haja ya kuupiga. Ngoja kidogo, utaondoka wenyewe kwenda bondeni. Upande wa juu, kando ya njia ya Lushoto, kuna tuta la majani ambako watu wote hukaa kutazama. Upande wa chini hakai mtu. Hatua mbili kupita mstari wa chokaa ni matuta ya kabichi, moja chini ya jingine kama ngazi, mpaka mtoni.

Katika uwanja huo alicheza Timotheo Shehiza, winga wa kulia wa timu yetu ya Mawingu. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye miguu ambayo mama yake alisema ilimaliza chakula cha nyumba nzima. Siku ya sherehe za Uhuru, Desemba 1961, tulicheza na timu ya Mkonge kutoka Mazinde, huko chini barabara kuu inakopita. Timotheo akafunga mawili. Jioni ile angeomba mke katika nyumba yoyote Kwemtindi angepewa, naye akaenda kuomba katika nyumba ya Bibi Yudith, mjane aliyekuwa mzee wa kanisa na muuza matunda. Binti yake Marta aliimba sauti ya kwanza kwaya ya Kilutheri. Walifunga ndoa mwezi wa pili, plamsi zikiwa bado zimejaa mitini.

Taabu ilianza Jumamosi iliyofuata.

Tulikuwa tunacheza na watu wa Soni. Kipindi cha pili winga ya kulia ilikuwa upande wa juu. Timotheo akapewa mpira mzuri, akampita beki wa kwanza, akampita wa pili, akainua kichwa ili apige krosi. Hatua tatu mbele yake, kwenye tuta, ameketi mama mkwe wake na kikapu cha plamsi.

Huku kwetu mkwe ni mkwe. Mwanamume hamkaribii mama mzaa mkewe ovyo, hamtazami usoni, halitaji jina lake, na hakika hasimami mbele yake na mapaja nje. Timotheo alikuwa na kaptula, tena fupi, iliyokuwa ya nduguye mdogo.

Akauacha mpira. Akachuchumaa palepale, akavuta fulana mpaka magotini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba," akajibu Bibi Yudith kutoka nyuma ya kanga aliyojifunika uso.

Beki wa Soni alishangaa kidogo, kisha akauchukua mpira. Habari za nyumbani na za shambani zilipokwisha kuulizwa, tulikuwa tumefungwa bao.

Kikao kiliitishwa jioni ileile nyumbani kwa mwenyekiti wa timu, Mzee Danieli, fundi cherehani. Nahodha wetu Mika, aliyekuwa pia kipa, alisema kwa hasira, "Bibi Yudith aambiwe akauzie plamsi mahali pengine."

"Vyema," akasema Mzee Danieli. "Nenda kamwambie."

Mika akaketi tena. Bibi Yudith alikuwa amemfundisha kipaimara, na fimbo ya kipaimara kile aliikumbuka bado.

Wakajaribu njia nyingine. Mzee Danieli alimshonea Timotheo suruali ndefu ya kaki kwa ajili ya mechi, yenye vifungo na mifuko minne. Alicheza nayo mara moja. Mvua ilinyesha, suruali ikanywa maji, na kila alipokimbia ilibaki nyuma kidogo. Dakika ya thelathini refa alimwomba, kwa ajili ya kina mama waliokuwapo, akafunge mkanda vizuri au atoke.

Aliyepata dawa ni Timotheo mwenyewe. "Niacheni nicheze upande wa chini," alisema. "Kipindi cha kwanza upande wa chini ni kulia. Tukibadilishana magoli, upande wa chini unakuwa kushoto. Nami nitabadilika."

"Kushoto hujui kupiga," Mika akamwambia.

"Nitajifunza. Kwani mama mkwe nitambadili?"

Akajifunza kweli. Kila asubuhi kabla ya kumwagilia karoti zake alikuwa akipiga mpira kwa mguu wa kushoto kwenye ukuta wa zizi, mpaka ng'ombe wa baba yake wakapunguza maziwa. Mwaka haukuisha akawa winga pekee katika milima hii mwenye miguu miwili. Na kwa kuwa uwanja wenyewe uliteremkia kwake, kila mpira uliopotea ulimfikia. Timu za wageni zilidhani ni ufundi mkubwa. Kocha mmoja kutoka Korogwe aliandika kwenye daftari lake kwamba Mawingu wana mbinu ya kuhamisha winga wakati wa mapumziko ili kumchanganya adui. Hakuna aliyemweleza kwamba adui mwenyewe ameketi kwenye tuta anauza plamsi.

Sifa zikamfikisha Tanga. Mwaka 1964 alikuja mtu wa kuchagua wachezaji wa mkoa, akamwona Timotheo akifunga kwa mguu wa kulia na baadaye kwa mguu wa kushoto, akampa barua hapohapo. Kijiji kizima kilimsindikiza hadi kituo cha basi, na Marta akamfungia viazi vya kula siku tatu ingawa safari ni ya siku moja.

Alirudi baada ya siku tisa, amekonda.

"Kulikuwaje?" tukamuuliza.

"Uwanja wao umelala kama meza," alisema. "Niliingia nikasimama. Kocha akaniuliza, wewe mbona hukimbii? Nikamwambia, bwana, nionyeshe chini ni wapi."

Miaka mitatu ya kukimbia ubavuni mwa mlima ilikuwa imemzoesha mguu mmoja kuukunja na mwingine kuunyoosha. Kwenye uwanja wa sawasawa alianza kukimbia kwa mstari ulionyooka na kuishia kwenye benchi la wachezaji wa akiba. Pia joto la pwani lilimtoa damu puani. Watu wa Tanga walikuwa waungwana. Walimshukuru, wakampa fulana, wakampandisha basi. Fulana ile aliivaa kanisani Krismasi mbili.

Akaendelea kucheza nyumbani, na nyumbani hakuwa na mpinzani, mpaka mwaka 1969. Siku hiyo mpira ulitoka, naye kwa haraka ya kuurusha akaufuata bila kuvunja mwendo. Alipita tuta la kwanza la kabichi, la pili na la tatu. La nne alilifika kwa mgongo. Tulipomshukia alikuwa ameukumbatia mpira pamoja na kabichi moja kubwa, na goti lake la kulia limegeukia kusikostahili. Hospitali ya Lushoto walilirudisha mahali pake, lakini wakamwambia kucheza basi.

Alilia. Mtu mzima, baba wa watoto watatu. Marta alimketisha nje kwenye jua, akamwekea mguu juu ya kinu, naye alikaa hapo wiki sita akitazama njia ya uwanjani.

Enzi hizo Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kutufikia, na mambo yote yalikuwa ya kijiji: shamba la kijiji, duka la kijiji, na sasa timu ya kijiji. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Bakari Kaniki, aliitisha mkutano kuchagua meneja. Hakuna aliyetaka. Meneja ndiye angewatoa wachezaji kwenye zamu ya shamba la maharage siku ya mechi, na kugombana na kila mtu. Ndipo mtu mmoja akasema, "Timotheo hayupo." Mikono yote ikainuka.

Walikwenda kumpa habari nyumbani.

"Meneja anavaa nini?" akauliza.

"Suruali ndefu," akasema Bwana Bakari. "Na koti, kama unalo."

"Basi nimekubali."

Hakuwa amefikiri mahali pa kusimama. Meneja husimama kando ya uwanja, na kando ya uwanja wetu iko moja tu, ya juu, kwa sababu upande wa chini angesimama ndani ya kabichi asione kitu ila nyayo. Mechi yake ya kwanza akaenda juu, na koti la harusi, na fimbo ya kuchechemea. Bibi Yudith alikuwapo mahali pake. Timotheo aliinama, akasalimu, akasogea hatua kumi na moja, akageuza uso uwanjani. Kando ya mama yake, upande wa Timotheo, alikaa Marta, akimsaidia kuuza.

Kabla ya robo saa Bibi Yudith alimgeukia binti yake. "Marta, huko nyumbani kwako hakuna mtu wa kumwambia meneja kwamba beki wake wa kushoto hufumba macho mpira wa juu ukija?"

Marta akainuka, akatembea hatua kumi na moja. "Mama anasema beki wa kushoto anafumba macho."

"Mwambie mama asante," alisema Timotheo, "lakini yule ni beki wangu bora."

Marta alikuwa bado njiani kurudi mpira wa juu ulipokuja. Beki bora alifumba macho. Ukampita kichwani, na winga wa wageni akafunga.

Bibi Yudith aliingiza mkono kikapuni. Alimenya yai. Baada ya muda akasema, "Marta, yule Athumani aliyeketi benchi, mtoto wa Rehema, yeye hafumbi."

Safari hii Timotheo hakubishana. Alimwingiza Athumani, na mechi ikaisha sare.

Usiku ule alimuuliza mkewe, "Mama yako amejuaje mpira?"

"Nimemuuliza hilohilo," Marta akasema. "Ananiambia, miaka saba nilikuwa nageuza uso nisimwone mumeo na kaptula. Sasa ili ujue pa kugeuzia uso, si lazima ujue yuko wapi? Na ili ujue yeye atakuwa wapi, lazima ujue mpira unakwenda wapi na nani ataupiga. Anasema mpira wote ameujua kwa adabu."

Ikawa hivyo tangu siku hiyo. Bibi Yudith alisema, Marta alibeba, Timotheo alitenda. Tukipanda lori la ushirika kwenda mechi za ugenini, Bibi aliketi mbele na dereva, Timotheo na wachezaji wakakaa nyuma juu ya shehena ya mboga, wakifika wananuka kabichi kiasi kwamba mashabiki wa Mombo walituita Supu. Tuliwafunga Mombo. Tuliwafunga Soni mara mbili. Marta alipungua mwili kwa kutembea. Kuna mechi alihesabu safari thelathini na nane, akasema afadhali angecheza.

Mwaka 1973 tukafika fainali ya kombe la Saba Saba, mjini Lushoto, dhidi ya Mkonge wa Mazinde. Wiki nzima kabla yake kwaya zote zilifanya mazoezi ya sherehe, asubuhi na jioni, katika baridi ya Julai. Siku ya mechi Marta aliamka hana sauti. Hata kunong'ona ilishindikana. Alifungua mdomo ukatoka upepo.

"Atatumia mikono," alisema Timotheo, na tukaenda.

Ukungu ulikuwa mwepesi, watu wengi, viongozi wameketi kwenye viti vya shule chini ya turubai. Kipindi cha kwanza hakuna aliyefunga. Kipindi cha pili Bibi Yudith, akiwa na kikapu chake cha viazi vya kuchemsha, aliona jambo. Akamwambia Marta, "Kipa wao ameumia mguu wa kushoto. Anauficha. Wampige chini, kushoto kwake."

Marta akaenda mbio kwa mumewe. Akagusa mguu wake wa kushoto. Akachechemea. Akaonyesha golini.

"Kipa ameumia?" akauliza Timotheo.

Marta akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu.

"Mungu wangu," alisema Timotheo, akamwita refa, akamtoa Mika golini.

Mika alitoka amefura. "Kwa nini?"

"Mguu wako."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Huu?" Mika akaruka ruka juu yake mara nne. "Huu hauumi!"

"Kaa chini, Mika. Utauma baadaye."

Kwa kuwa hatukuja na kipa mwingine, aliingia golini Silvano, kijana wa kupiga filimbi safarini, ambaye alikuwa hajawahi kudaka kitu kigumu kuliko chungwa. Mkonge walimpima kwa shuti moja la mbali. Akalidaka vizuri sana, akarudi nalo nyuma hatua mbili kwa furaha, ndani ya goli. Moja bila.

Marta alikuwa anapunga mikono yote miwili kama mtu anayefukuza nyani shambani. Timotheo alimtazama, akazidi kupotea. Zilibaki dakika kumi na mbili.

Hapo Bibi Yudith alisimama. Wote tuliokuwa karibu tukageuka, maana tulijua hajawahi kumwambia mkwewe neno zaidi ya marahaba. Aliinua kikapu, akakiweka mbele yake juu ya jiwe, akakitazama kwa ukali.

"Wewe kikapu," akasema, kwa sauti ya mzee wa kanisa anayesoma matangazo. "Kama una masikio, sikia. Kipa aliyeumia ni wa wale, si wetu. Mguu wa kushoto. Apigiwe chini, kushoto kwake. Na kikapu chenye akili kingekwisha kumrudisha Mika kama refa anakubali."

Timotheo, hatua kumi na moja kutoka hapo, aliganda. Halafu aligeukia kijiti cha bendera ya kona, akakivulia kofia.

"Kikapu kimesikia," akakiambia. "Kikapu kinaomba radhi."

Refa hakukubali kumrudisha Mika. Lakini Athumani, ambaye siku hizo alicheza mbele, alipewa maneno, na mara ya kwanza alipopata nafasi alipiga chini, kushoto. Yule kipa aliuona mpira, akautaka, mguu ukamkatalia. Moja moja. Dakika tatu baadaye Athumani akapiga palepale tena. Mbili moja. Silvano alimaliza mechi bila kuguswa na mpira mwingine, kwa sababu timu nzima ilikuwa imesimama mbele yake kama foleni ya sukari.

Kombe lilitolewa na ofisa wa michezo wa wilaya, kijana nadhifu mwenye orodha mkononi. Pamoja na kombe kulikuwa na zawadi, na wachezaji wetu, waliokuwa wakicheza nusu yao peku, walikuwa wamekesha wakiota viatu. Zawadi zikafunuliwa. Majembe kumi na moja, mapya, ya kuleta maendeleo. Makofi yalipigwa, yetu yakichelewa kidogo.

"Na sasa," akasema ofisa, "jina la kocha wa washindi, tuliandike."

"Kocha ni mama," alisema Timotheo.

"Mama nani?"

"Mama mzazi wa mke wangu."

"Jina lake?"

"Jina lake siwezi."

"Hulijui?"

"Nalijua tangu utotoni, bwana. Kulitamka ndiyo siwezi."

Ofisa alikuwa mtu wa mkoa mwingine. Akamgeukia Marta. "Basi wewe, mama, jina la mama yako nani?"

Marta akafungua mdomo. Upepo. Uwanja mzima ukacheka, hata Mazinde waliofungwa, na ofisa akawa anafuta jasho katika baridi ile. Mwishowe alitokea Bibi Yudith mwenyewe na viazi vyake, akamwambia, "Andika Yudith binti Shekalaghe. Na andika kwamba majembe tumeyapokea, lakini mwakani tutashukuru kupata kitu cha kuvaa miguuni." Kijana akaandika vyote viwili.

Viatu vilikuja miaka miwili baadaye, jozi tisa, karibu zote za mguu mkubwa. Timotheo aliwavalisha mabeki, akidai mabeki hawana haja ya kwenda mbali.

Aliendelea kuwa meneja hadi mwaka 1977. Tuliwahi kushuka daraja mara moja, mwaka ambao Bibi Yudith aliugua macho, na tukapanda tena alipopona. Halafu Timotheo akasema goti linamsumbua, akamkabidhi Athumani daftari na filimbi, akarudi kwenye karoti zake. Msimu uliofuata Mawingu walimaliza wa nne. Bibi Yudith, akiwa na umri wa miaka sabini na kitu, alisema wa nne si vibaya hata kidogo kwa timu ambayo haina mtu mmoja anayejua kurusha mpira, na Jumamosi iliyofuata akaenda mazoezini mapema kuwaonyesha.